Mume, Mke na Haihati Isiyofunga

Mwezi uliopita niliwaahidi kwamba safari hii tungezungumzia mawifi. Mawifi watasubiri kidogo, kwani hawaendi popote. Mwezi huu nina dukuduku langu mwenyewe, la humu humu ndani, na nimemuomba mume wangu ruhusa ya kuliandika. Kakubali kwa sharti moja tu: niseme kwamba kosa halikuwa lake peke yake. Haya, nimesema.

Kwa wale wageni wa ukurasa huu, sisi tunaishi Mlowo, mkoa wa Songwe. Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma kwa ile barabara kuu ya Zambia, utatupita kabla hujafika Vwawa. Wengi wanatujua kwa mahindi, kahawa na malori. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi ya watu wa mazao, mwenzangu ni mwalimu wa hisabati sekondari. Tuna watoto wawili, tumepanga vyumba vitatu, na kwa miaka minne tumekuwa tukiweka pesa ya kiwanja kidogo kidogo. Kila mwezi anaweka yeye, naweka mimi. Hiyo pesa ya kiwanja tulikuwa hatuigusi hata mtoto akiumwa, tulikuwa tunakopa kwingine.

Sasa, Baba Watoto ni mpigaji wa dramu. Alianza akiwa kijana kwenye bendi ya kwaya, na hata leo ukimkuta anasubiri chai mezani, vidole vyake vinatembea juu ya meza kama anaongea na mtu. Mimi nilimpendea hapo hapo, sitaki kudanganya. Ila dramu za kawaida ndani ya nyumba ya kupanga, chini ya bati, ukuta mmoja na majirani, haiwezekani. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo alikuwa anapigia kanisani tu, akirudi nyumbani anapigia mapaja.

Mwaka jana mwezi wa tano akarudi kutoka Tunduma na maboksi matatu kwenye Noah ya kukodi. Dramu za umeme, mtumba, kanunua kwa mpigaji mmoja wa upande wa Nakonde aliyekuwa anaacha muziki. Shilingi 1,350,000. Nikauliza pesa katoa wapi. Akasema, "Mke wangu, kaa kwanza nikueleze." Ukisikia mwanaume anakwambia ukae kwanza, jua pesa ya kiwanja imeshaondoka.

Maelezo yake hayakuwa ya kijinga, hilo namkubalia. Kwaya za huku zinarekodi sana, na kila kwaya ikitaka dramu za kweli kwenye nyimbo zake inabidi isafiri mpaka Mbeya mjini. Yeye angepiga nyumbani, kompyuta ingerekodi, kwaya ingelipa shilingi 50,000 kwa wimbo. Tayari kulikuwa na kwaya moja ya Vwawa yenye nyimbo nane. Pesa ingerudi kabla ya mwisho wa Agosti, ambao ndio ulikuwa mwisho tuliopewa na mzee mwenye kiwanja. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa inakubali kabisa. Kitu kimoja tu kilikuwa hakimo kwenye hesabu: mimi sikuulizwa.

Tuliacha kuongea siku mbili. Siku ya tatu, watoto wamelala, akazifunga. Kwa asiyezijua, dramu za umeme ni pedi za wavu au mpira zilizofungwa kwenye vyuma. Unapiga pedi, nyaya zinapeleka habari kwenye moduli, yaani kile kisanduku chenye akili, na moduli inakupa sauti kwenye hedifoni. Nje mtu anasikia tap tap tu, basi. (Ila lile kanyagio la dramu kubwa, jamani! Sakafu nzima inagonga. Mama wa jirani alikuja kuuliza nani anatwanga mahindi saa nne usiku.)

Tatizo ni kwamba moduli yenyewe ilikuwa ya zamani, na sauti zake zilikuwa kama mtu anayepiga boksi la sabuni. Kwaya haiwezi kulipa pesa kwa sauti hizo. Ndiyo maana wenzetu siku hizi wanatumia programu za sampuli. Mtu kakaa studio na dramu nzuri, kapiga sneya moja mara nyingi mno, kuanzia kuigusa mpaka kuitandika, kila pigo likarekodiwa peke yake. Wewe ukipiga pedi yako Mlowo, kompyuta inachagua pigo linalolingana na nguvu ya mkono wako na kulitoa. Dramu za mamilioni, sebuleni kwako. Hiyo ndiyo ndoto Baba Watoto aliyokuwa ameinunua kwa pesa ya kiwanja.

Programu yenyewe alipewa kwenye flashi na kijana mmoja fundi wa kompyuta, kwa shilingi 10,000. Imechakachuliwa, bila shaka. Na waya wa kuunganisha moduli na kompyuta akaununua kwa bei ya kutupa, upande mmoja USB, upande mwingine plagi mbili za duara zenye pini tano.

Usiku wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu akapiga mpaka jasho likamtoka, kompyuta inamtazama tu. Akasema waya ni mbovu, akasema moduli ni mbovu, akaanza kusema vibaya kuhusu yule Mzambia wa watu. Mimi nilikuwa kwenye kochi nakunja nguo, nimenuna bado. Nikauliza, basi tu kwa kuuliza, hizo plagi mbili zimeandikwaje. Akasema moja imeandikwa IN, kaichomeka kwenye tundu la IN, nyingine OUT kaichomeka kwenye OUT. Nikamwambia, "IN ya nani? Kinachotoka kwenye dramu si ndicho kinachoingia kwenye kompyuta?" Akanitazama. Akazigeuza. Akapiga pedi moja, taa ndogo kwenye waya ikawaka.

Hakusema asante usiku ule. Alisema, "Hee."

Furaha haikufika hata dakika tano. Dramu kubwa, sawa. Sneya, sawa. Akapiga tomu ya pili, ikatoka sauti ya tomu kubwa ya chini. Akapiga ya tatu, sauti ile ile. Akapiga ukingo wa tomu ya tatu, ikatoka sauti ya ajabu kama meno ya mtu aliyeoga maji ya baridi mwezi wa saba. Haihati, yaani yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, ukiipiga katikati inalia, ukiipiga ukingoni inanyamaza kama umeitukana. Na mbaya zaidi, akikanyaga ifunge inafunguka, akiachia ifunguke inafunga.

Hapo ndipo vita ilipoanza kweli kweli. Yeye anaamini kitu kikishanunuliwa kinatakiwa kufanya kazi. Mimi naamini kitu kikinunuliwa bila kuniuliza hakiwezi kufanya kazi. Nikamwambia maneno ambayo leo nayajutia, kuhusu baba yake na ng'ombe aliyewahi kuuza. Yeye akaniambia tangu mwanzo nilitaka zife. Akalala sebuleni, kati ya vyuma vyake.

Kesho yake ofisini nilikuwa nimekaa nasubiri benki inijibu, nikaanza kusoma mambo ya MIDI. Mwenzangu alikuwa analitaja neno hilo usiku kucha kama jina la mchawi, nikataka kumjua mbaya wangu ni nani.

Kumbe ule waya haupitishi sauti hata kidogo! Unapitisha taarifa tu, kama meseji. Meseji inasema: namba fulani imepigwa, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 1 na 127. Basi. Kompyuta ndiyo inayoamua namba hiyo itoe sauti gani. Wazo lilikuwa la kusuluhisha ugomvi. Zamani kila kampuni ya vinanda ilikuwa na lugha yake, kinanda cha huyu hakiongei na cha yule. Mjapani Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, na Mmarekani Dave Smith wa Sequential Circuits, wakaanza kushawishi wenzao wawe na lugha moja. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM kule California, vinanda viwili vya kampuni hizo mbili zinazoshindana vikaunganishwa kwa waya, ukipiga hiki na kile kinalia. Miaka 30 baadaye, 2013, hao wawili wakapewa tuzo ya ufundi ya Grammy. Kakehashi alifariki 2017, Smith 2022.

Lakini mwaka 1983 walikubaliana lugha, hawakukubaliana majina. Ni mpaka 1991 ndipo ilipotoka orodha ya pamoja ya ngoma: 36 ni dramu kubwa, 38 sneya, 42 haihati iliyofungwa, 46 iliyofunguliwa, 49 toazi la kishindo, na kuendelea. Ukiifuata orodha hiyo mpaka 60 na 61 utakuta bongo. Si Bongo yetu, ni zile ngoma mbili ndogo za Kuba. Kuna mpaka pembetatu ya chuma. Msondo hakuna, nimetafuta.

Na orodha yenyewe ilitungwa wakati haihati ilikuwa na sauti tatu tu: imefungwa, imefunguliwa, na ya mguu. Baadaye waundaji wa dramu za umeme wakaleta pedi zinazojua kama umepiga katikati au ukingoni. Huo ukingo utapewa namba gani? Kila mmoja akajitafutia. Moduli yetu ilikuwa inatuma 22 kwa ukingo wa haihati iliyofungwa na 26 kwa ukingo wa iliyofunguliwa. Programu haikuwa na kitu chochote kwenye 22. Imepokea meseji, imeisoma, haina jibu. Kimya. Na ule ukingo wa tomu ya tatu ulikuwa unatuma 58, ambayo kwenye orodha ya 1991 ni chombo kinachoitwa vibraslapu, ndiyo yale meno.

Jamani, mimi ni mhasibu. Nilipoona ni suala la namba mbili zisizolingana kati ya vitabu viwili, moyo ukatulia. Hii si uchawi, hii ni kusuluhisha hesabu za benki!

Jioni nikarudi na daftari la kaunta. Nikachora mistari: pedi, namba inayotoka, namba inayosubiriwa. Sikumwambia samahani, nikamwambia, "Piga moja moja, taratibu, usipige muziki." Akapiga, mimi nasoma kwenye kioo cha kompyuta naandika. Saa moja na nusu, na hapo katikati umeme ukakatika tukaendelea kusubiri gizani, tunaongea. Ndiyo mara ya kwanza tangu maboksi yaingie alinieleza vizuri kwa nini hakuniuliza. Alisema alijua ningekataa. Nikamwambia ni kweli ningekataa. Akasema, "Sasa ningefanyaje?" Sikuwa na jibu usiku ule, na sina uhakika kama ninalo leo. Ningemkatalia dramu, angeendelea kupiga mapaja mpaka uzeeni, na mimi ningekuwa na kiwanja.

Umeme uliporudi tukaanza kubadilisha namba kwenye programu. Hapo ndipo nilipogundua ile ya shilingi 10,000 ilivyo: ule ukurasa wa kubadilishia namba ukiufungua, programu nzima inajifunga. Halafu ilikuwa ya biti 32, na programu ya kurekodia aliyokuwa nayo ni ya biti 64, hazionani mpaka uweke daraja katikati, na daraja nalo linadondoka. Wasomaji wangu mnaopenda vya kuchakachua, sisemi kitu. Nilipokea mchezo wangu mwezi wa saba, nikanunua toleo dogo la programu halali kwa kadi ya benki. Kuipakua ilituchukua usiku tatu za vifurushi vya usiku, kengele ya simu saa sita, kompyuta dirishani ambako mtandao unashika. Pesa yangu, hiari yangu. Naye aliulizwa kwanza, naomba mlione hilo.

Ile halali ilikuwa na orodha ya moduli zinazojulikana, unachagua ya kwako na namba nyingi zinajipanga zenyewe. Tomu zikakaa. Ukingo wa haihati ukapata sauti. Kanyagio tukalielewa pia: mguu hautumi namba ya ngoma peke yake, unatuma mfululizo wa tarakimu kutoka 0 hadi 127 kuonyesha limeshuka kiasi gani. Moduli yetu ilikuwa inaita 127 chini kabisa, programu ya kwanza ikadhani 127 ni juu. Ni kisanduku kimoja tu cha kutiki, "geuza". Wiki tatu za kununiana, kisanduku kimoja.

Kikabaki kidonda cha mwisho, kuchelewa. Anapiga, sauti inakuja baadaye. Siyo baadaye sana, lakini mpigaji anajua. Alisema ni kama kuongea na mtu aliye Ulaya kwenye simu. Kompyuta hukusanya punje za sauti kwenye akiba kabla ya kuzitoa, na ile draiva ya kawaida ya Windows aliyokuwa akiitumia inakusanya nyingi. Kuna draiva za aina ya ASIO, waliozianzisha ni Steinberg wa Ujerumani, na kuna moja ya bure kwa wasio na kifaa maalumu cha sauti. Tukaiweka. Akiba ya punje 512, kwa punje 44,100 kila sekunde, ni kama milisekunde 12, na hiyo ni sawa na kusimama mita nne kutoka kwenye dramu. Ukishusha mpaka 128 unabaki na milisekunde 3 hivi, sawa na mita moja. Hesabu hiyo alinifanyia yeye, ubaoni kwa watoto, amefurahi kama siku aliyonioa. Shida ni kwamba laptopu yetu ina RAM ya GB 4, na kwa 128 sauti zinaanza kukwaruza. Tukaishia 256. Anasema anaweza kuishi nayo. Nimemuuliza kama ananidanganya, akacheka.

Sasa mtauliza, kwaya je? Kwaya ya Vwawa haikusubiri. Mwezi wa saba walishaenda Mbeya mjini na nyimbo zao nane. Siwalaumu, walikuwa na tarehe ya uzinduzi. Mpaka Agosti inaisha, Baba Watoto alikuwa amerekodi nyimbo nne tu, za vijana wa hapa hapa Mlowo, 200,000. Mzee wa kiwanja tulimwendea na 200,000 hiyo na kilichobaki benki, tukamwomba mpaka Desemba. Alitupokea vizuri, akatupa chai, akatuambia kiwanja amempa mtu wa mahindi aliyelipa taslimu wiki iliyopita.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Sikulia njiani, nililia jikoni. Yeye alikaa mlangoni mwa jiko, hakusema "tutapata kingine", na nilishukuru hakusema. Alivua saa yake akaanza kunisaidia kuchambua maharage, anachambua vibaya kweli, mawe anayaacha.

Na bado napenda akipiga. Hilo ndilo linalonikera. Usiku nikiwa nimelala nasikia tap tap ya pedi bila sauti, najua kabisa ni wimbo gani, na mguu wangu unaanza kufuata chini ya blanketi.

Sasa hivi anapata wimbo mmoja au miwili kwa mwezi. Kuna toazi moja mpaka leo ukilishika kwa mkono ili linyamaze, halinyamazi. Daftari la kaunta lipo chini ya moduli, na akitaka kubadilisha namba yoyote ananiita, kwa kuwa mwandiko ni wangu. Kiwanja kingine tumekiona upande wa barabara ya Kamsamba, kidogo kuliko kile. Hatujalipa bado. Pesa iko kwenye akaunti mpya ya sahihi mbili, yangu na yake, hakuna anayetoa peke yake. Hilo nililidai mimi. Alisaini pale pale kaunta, halafu akaazima kalamu yangu akaondoka nayo.

Mwezi ujao ni mawifi, naapa.